Figa la Tatu: Nafasi ya Chama Kidogo Katika Kuleta Mageuzi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaharakati na waumini wa Migori na Homa Bay)



Kila tunapokwenda kufundisha elimu ya uraia, kuanzia Muhuru hadi Kendu Bay, kuanzia Isebania hadi Oyugis, tunaulizwa swali moja. Mzee husimama, huvua kofia, na kusema: "Wanangu, nikimpa kura mgombea wa chama kidogo, je, si sawa na kuitupa ziwani?" Swali hili halikutoka kwa mjinga. Limetoka kwa mtu aliyepiga kura mara nyingi na kuona nyingi katika kura hizo zikipotea bure. Leo tumekusudia kulijibu kwa historia yetu wenyewe, maana mkoa huu umejaribu karibu kila njia ambayo chama kidogo kinaweza kuifuata, na umepata faida na hasara.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Tunaposema chama cha tatu hatuna maana ya chama kilichopata nambari tatu katika hesabu ya kura peke yake. Tuna maana ya kundi lolote la kisiasa lisilokuwa chama kinachotawala wala kile kikubwa kinachoshindana nacho. Hapa kwetu jambo hili lina sura ya pekee. Katika taifa, chama chetu kikubwa kimekuwa mara nyingi katika upinzani. Lakini nyumbani, katika Migori na Homa Bay, chama hicho hicho kimekuwa mtawala. Ndicho hutoa tiketi, na mara nyingi tiketi ndiyo ushindi. Kwa hiyo mtu anayedai mageuzi Nairobi anaweza kuwa yeye mwenyewe mzuiaji wa mageuzi kijijini. Msikilizaji aliweke hilo moyoni tunapoendelea.

Ndugu zetu, tumetoka mbali. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipojitenga na KANU na kuongoza chama cha KPU, watu wa sehemu hizi waliona jinsi serikali inavyomtendea anayethubutu kusema tofauti. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1969. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa katika katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 tukapangwa katika milolongo nyuma ya wagombea, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Wakati huo hapakuwa na chama cha pili, sembuse cha tatu. Waliosimama katika nafasi hiyo walikuwa watu wa kanisa na wanasheria. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri juu ya mfumo huo mwanzoni mwa mwaka 1990. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini hakunyamaza. Askofu Alexander Muge alikufa barabarani mwezi wa Agosti mwaka huo huo, baada ya kutishwa hadharani. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi wa Desemba 1991, baada ya wananchi kupaza sauti na wafadhili kuzuia misaada.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Wanaoshindania kiti mara nyingi hawawezi kubadilisha kanuni za mashindano, kwa kuwa mmoja wao hunufaika nazo. Anahitajika mtu wa tatu.

Lakini mwaka 1992 tulijifunza la pili, nalo ni chungu. Upinzani ulioanza kama FORD moja uligawanyika. Rais Moi alirudi madarakani akiwa na asilimia 36 hivi ya kura; karibu theluthi mbili ya Wakenya walikuwa wamemkataa, lakini walimkataa wakiwa wamegawanyika kati ya Matiba, Kibaki na Odinga. Sheria ya wakati huo haikudai mshindi apate zaidi ya nusu. Wapo waliotoka katika uchaguzi ule wakisema: "Basi, vyama vingi ni laana, tushikamane nyuma ya mmoja." Hatuwalaumu. Lakini tuangalie vizuri: kosa halikuwa wingi wa vyama. Kosa lilikuwa sheria inayompa kila kitu mtu aliyechaguliwa na wachache, pamoja na viongozi walioikubali sheria hiyo kwa sababu kila mmoja wao alitumaini kwamba itamfaa yeye.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwaka 1997. Bunge lilikuwa mikononi mwa KANU, na kwa hesabu ya viti haikulazimika kumsikiliza mtu. Kilichoilazimisha kilikuwa nje ya bunge: mikutano ya wadai wa mageuzi, na hasa siku ya Saba Saba, polisi walipoingia hata ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, na kuwapiga waliokuwa humo. Baada ya hapo wabunge wa vyama vyote wakakaa pamoja katika mazungumzo ya IPPG. Sheria za leseni za mikutano zikalegezwa, mamlaka ya machifu yakapunguzwa, makamishna wa uchaguzi waliopendekezwa na upinzani wakaongezwa, na viti 12 vya wabunge wa kuteuliwa vikagawanywa kwa vyama kulingana na nguvu zao badala ya kuwa zawadi za Rais. Hayakuwa yote tuliyoyataka. Katiba nzima iliachwa kama ilivyokuwa. Hata hivyo, mkutano kama huu wetu wa leo usingefanyika kwa amani chini ya sheria za kabla ya mwaka ule.

Sasa tuje nyumbani. Jaramogi alifariki Januari 1994, na Ford-Kenya ikaingia katika ugomvi wa urithi kati ya Kijana Wamalwa na Raila Odinga. Raila alipotoka, alikwenda katika chama kidogo, NDP, ambacho wengi wetu hatukuwa tumekisikia. Katika uchaguzi wa Desemba 1997 alikuwa wa tatu katika kinyang'anyiro cha urais, naye alipata asilimia 11 hivi. Ukihesabu kwa hesabu ya yule mzee wetu, kura hizo zilitupwa ziwani.

Lakini tazameni bunge lililotokea. Katika viti 210 vya kuchaguliwa, KANU ilikuwa na 107 na vyama vingine vyote kwa pamoja 103. NDP ilikuwa na 21, vingi vikiwa vya Nyanza. Ghafla chama cha tatu kikawa kama jiwe dogo linalowekwa kwenye mizani: upande kilipoegemea ndipo palipokuwa pazito. Kwa nguvu hiyo kilishirikiana na KANU, kikaingia katika baraza la mawaziri mwaka 2001, na Machi 2002 kikaungana nayo kabisa.

Tulipata nini? Hapa tuseme kweli, ingawa tuko mbele ya watu waliokipenda chama hicho. Tulipata sikio la serikali, baada ya miaka mingi ya kufungiwa mlango. Lakini chama chenyewe kilikoma kuwapo. Aliyekipigia kura mwaka 1997 ili kuiondoa KANU alijikuta mwaka 2002 akiwa mwanachama wa KANU bila kuulizwa. Na ilipofika wakati wa kumtafuta mrithi wa Moi, waliojiunga waliona kwamba hawakuwa na lolote la kushika mkononi. Wakatoka, wakaingia LDP, na kwa muungano wa NARC wakaiangusha KANU mwezi wa Desemba. Muungano huo nao ulikuwa na maagano ambayo mwananchi wa kawaida hakuonyeshwa. Yalipovunjwa, mwananchi hakuwa na karatasi ya kumdai mtu. Chuki iliyozaliwa hapo ilionekana katika kura ya maoni ya mwaka 2005, na mwisho wake tuliuona, kwa damu, mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008.

Kwa hiyo fundisho la tatu ni hili: chama kidogo kina nguvu kubwa kabla hakijatia sahihi, na baada ya sahihi kina nguvu ile tu iliyoandikwa. Kikishirikiana na mkubwa kwa jambo lililotajwa, kwa muda uliotajwa, mbele ya watu wote, kinaweza kuleta mageuzi. Kikishirikiana kwa sababu ya vyeo, kitamezwa, na wafuasi wake watamezwa pamoja nacho.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu wa tatu wa namna nyingine. Wabunge walipotaka kuandika katiba peke yao, viongozi wa dini mbalimbali walikutana katika jumba la Ufungamano mwishoni mwa mwaka 1999 na kuanzisha kazi yao wenyewe ya kukusanya maoni ya wananchi. Nchi ikawa na tume mbili. Profesa Yash Pal Ghai alipoteuliwa kuongoza ile ya serikali, alisisitiza kwanza pande hizo mbili ziunganishwe, na mwaka 2001 zikaunganishwa. Kanisa halikugombea kiti hata kimoja, lakini bila Ufungamano katiba ingekuwa mali ya wabunge.

Na tusisahau sauti ya mtu mmoja. Marehemu Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, mwaka 1997 alileta bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi katika uongozi. Hoja ilishindwa. Wako waliocheka. Miaka 13 baadaye katiba ya mwaka 2010 ikaweka viti 47 vya wawakilishi wa wanawake na kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, kanuni ambayo bunge limekuwa zito kuitimiza. Hoja iliyozikwa na wengi iliota. Je, kura zilizompeleka Mama Asiyo bungeni zilitupwa ziwani?

Katiba hiyo ya mwaka 2010 ilibadilisha pia kanuni nyingine tulizozilalamikia tangu 1992. Rais sasa ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na asipopata, hurudiwa kati ya wawili wa kwanza. Mtu anaweza kugombea bila chama, mradi hakuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kabla ya hapo, asiye na tiketi ya chama hakuwa na njia. Chama hakiruhusiwi kujengwa juu ya kabila, dini au eneo, na ili kisajiliwe kikamilifu ni lazima kiwe na wanachama 1,000 katika kila mojawapo ya kaunti zaidi ya nusu ya 47. Mlango umefunguliwa, ingawa kizingiti ni kirefu kwa watu wasio na fedha.

Je, sisi tuliutumiaje mlango huo? Mwaka 2013, katika uchaguzi wa kwanza wa magavana, Migori haikufuata wimbi. Zachary Okoth Obado, akigombea kwa chama kidogo cha PDP, alimshinda mgombea wa ODM, na mgombea mwenza wake alitoka katika jamii ya Wakuria. Watu walishangaa. Migori, ambayo ilimpa Raila kura zake za urais, ilikataa kuambiwa ni nani atakayekuwa gavana. Kura hiyo ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba uteuzi usiowaridhisha watu unaweza kuadhibiwa. La pili, kwamba jamii ndogo katika kaunti, ambayo chama kikubwa hakikuihitaji ili kushinda, ilipata thamani mara tu ushindani ulipokuwa wa kweli.

Lakini je, chama hicho kidogo kilikua? Kilipata matawi, vikao, na sera? Ilipofika mwaka 2017 gavana huyo alitetea kiti chake kwa tiketi ya ODM. Mwezi wa Oktoba 2018, katika uchaguzi mdogo wa seneta wa Migori, Eddy Oketch wa Federal Party of Kenya alimpa Ochillo Ayacko wa ODM ushindani mkali, akashindwa. Mwaka 2022 Oketch huyo alichaguliwa seneta kwa tiketi ya ODM, na Ayacko akachaguliwa gavana kwa tiketi hiyo hiyo. Homa Bay nako, mwaka 2017 Oyugi Magwanga aligombea ugavana bila chama dhidi ya Cyprian Awiti, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilimthibitisha Awiti mwaka 2019. Mwaka 2022 Evans Kidero aligombea bila chama na akashindwa na Gladys Wanga, huku Magwanga akiwa mgombea mwenza wa Wanga. Hatumhukumu mtu yeyote kati ya hawa. Kila mmoja alitumia haki yake. Tunauliza tu: mwananchi aliyesimama juani kumpigia kura mgombea wa chama kidogo alibaki na nini baada ya mgombea kurudi katika chama kikubwa?

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu. Tumefanya chama kidogo kuwa matatu ya kukodi. Aliyenyimwa tiketi hukipanda, akifika anaposhuka hushuka, na gari hubaki kando ya barabara bila dereva. Vyama vingine ni vya mkobani: mwenyekiti, mweka hazina na katibu ni nyumba moja, na tiketi huuzwa kwa anayekuja na noti. Chama cha namna hiyo hakileti mageuzi hata kikishinda. Kinabadilisha jina la mwenye kiti tu.

Wapo watakaosema: "Mnataka kuvunja umoja wa watu wetu." Jibu letu ni kwamba umoja wa kweli hauogopi swali. Watu wanaweza kukubaliana juu ya nani awe Rais, na bado wakatofautiana kwa heshima juu ya nani asimamie zahanati ya Ndhiwa au barabara ya Nyatike. Wagombea husifu kura ya "suti", yaani kumchagua kila mtu wa chama kimoja kuanzia Rais hadi mwakilishi wa wadi. Ndugu zetu wa Tanzania husikia wito kama huo kutoka kwa chama chao tawala kwa jina la "mafiga matatu". Lakini wahenga waliposema figa moja haliinjiki chungu, hawakuwa na maana ya mafiga yaliyotoka katika jiwe moja. Walijua kwamba chungu hukaa imara kwa sababu kila figa linasimama mahali pake na kulibeba la kwake. Bunge la kaunti lililojaa watu wa chama cha gavana peke yake litamkagua nani? Bajeti ikiletwa na makosa, nani atasimama?

Na sasa swali hili limekuwa zito zaidi. Raila Odinga alifariki Oktoba 2025. Kwa karibu miaka 30 jina lake lilikuwa daraja la siasa zetu. Alikokwenda, sehemu hizi zilikwenda. Tunamwombea pumziko. Lakini hakuna jina jingine litakalorithi utii wa namna ile, na wala tusilitafute. Watakuja wengi wakidai wamekabidhiwa fimbo. Huu ndio wakati wa kuacha kufuata fimbo na kuanza kuuliza sera.

Ndugu waumini, kanisa lifanye nini? Kwanza, lisiwe tawi la chama, kikubwa wala kidogo. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Makanisa, NCCK, liliomba radhi mbele ya taifa kwa sababu viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua upande, na wakakosa sauti wakati damu ilipomwagika. Ilibidi Kofi Annan aje kutoka mbali kufanya kazi ya upatanishi ambayo ilipasa kufanywa na sisi. Anayekula katika sahani ya mgombea hawezi kuwa mtu wa tatu.

Pili, kanisa na wanaharakati walinde haki ya mgombea dhaifu. Yule asiye na helikopta aruhusiwe kusema sokoni bila kupigwa mawe. Kijana akilipwa kuvuruga mkutano wa mwingine, na awe ni mwana wa parokia yetu, mzazi na padre wamkemee kabla ya polisi.

Tatu, tuusimamie uteuzi wa vyama kama tunavyousimamia uchaguzi wenyewe. Mahali ambapo tiketi ni ushindi, wizi wa tiketi ni wizi wa kura.

Nne, tumdai kila mgombea wa chama kidogo majibu matatu kabla ya kumpa kura: chama chako kina tawi gani hapa lililo na kitabu cha wanachama? Mkishirikiana na wengine, masharti yenu ni yapi, na je, mtayabandika ubaoni? Ukishindwa, utakuwa wapi mwezi mmoja baada ya kura? Asiyeweza kujibu anatafuta usafiri tu.

Tumrudie mzee wetu. Tunamwambia hivi: Mzee, kura haitupwi kwa sababu uliyempa ameshindwa. Kura hutupwa ukimpa mtu usiyemwamini kwa kuogopa wimbi, au ukimpa mtu wa chama kidogo kisha usimdai neno. Bwana wetu alipotaka kueleza jinsi ufalme unavyokua, alitaja chachu kidogo ndani ya unga mwingi. Lakini mama yeyote hapa anajua kwamba chachu ikiachwa mkebeni haifanyi kitu. Ni lazima iingie katika unga, ikandwe, na kungojewa.

Nendeni kwa amani, na Mungu aibariki Kenya.